Dirisha Lisilopitiwa na Swali

Waya ulishuka taratibu mbele ya dirisha la Bwana Axinte, ghorofa ya tano, ukiyumba kidogo kwa upepo, na kwa muda mrefu hakuna aliyeushika. Nilikuwa nimesimama chini kwenye lami, nimeinua kichwa mpaka shingo inauma. Juu ya paa Mjomba Toader alikuwa amelala kifudifudi, mikono yake tu ikionekana, akiuachia waya kidogo kidogo kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Hakuita. Aliyekuwa ndani naye hakuuliza kuna nini. Ilikuwa mwezi wa Juni, miti ya tei ya mtaani, yenye maua madogo ya manjano, imechanua, harufu yake imejaa hadi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nimepewa alama kumi juu ya kumi siku iliyotangulia, na sikujua niiweke wapi.

Watu husema kuuliza si ujinga. Nimefanya kazi ya maswali kwa zaidi ya miaka ishirini, yaani namna swali linavyotoka mashine moja kwenda nyingine mpaka likutane na jibu lake, na naona methali hiyo imesema nusu ya habari. Nusu ya pili ni nani unamuuliza, na nani umeamua kutomuuliza. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yangu mwaka ule, katika maghorofa matano ya Tătărași, mjini Iași, nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa ngazi A, kama tulivyouita kila mlango wa jengo pamoja na ngazi zake.

Mtandao wa mtaa aliujenga Mjomba Toader Hriscu. Kila mtu alimwita Mjomba, hata waliomzidi umri. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda kilichofungwa, akabaki na koleo zake, ngazi yake na muda mwingi. Alianza kwa waya mmoja kutoka kwake hadi ghorofa ya jirani, juu ya miti ya tei, na baada ya miaka minne palikuwa na kompyuta mia na themanini na tatu zilizounganishwa kupitia madirisha, paa na mashimo aliyoyatoboa mwenyewe. Mtandao wa nje ulikuwa wa polepole na hakuna aliyeuhitaji sana. Kila kitu watu walichokitaka kilikuwa humo humo kwa majirani: filamu, nyimbo, michezo, vitabu vya mitihani.

Hapakuwa na mashine kuu. Kila kompyuta ilikuwa sawa na mwenzake, na kila mtu aliweka wazi alichonacho. Ukitafuta kitu, mashine yako iliwauliza majirani zake wote. Wakikosa, nao waliwauliza majirani zao wote. Na hao wa kwao, hatua saba. Fikiria mtu aliyeishiwa chumvi akatoka mlangoni na kupiga kelele ngazi nzima, na kila aliyesikia naye akatoka akapiga kelele ileile. Chumvi inapatikana. Lakini fikiria watu mia na themanini wameishiwa chumvi kwa pamoja, baada ya chakula cha jioni.

"Mtandao wako umekata roho tena, Toader," walimwambia kila siku ngazini.

"Haujakata roho, unapumua. Nyie ndio mmeukalia kifuani."

Siku moja alinikuta nikipanda na vitabu, akaniuliza, "Binti Smaranda, huko chuoni mnafundishwa nini hasa?"

"Kutafuta, Mjomba."

"Kutafuta hata kuku anajua."

"Kutafuta bila kusumbua watu."

Akafikiri. "Hilo kuku hajui," akasema. "Haya, ingia ndani uniambie."

Nilichomwambia kilikuwa rahisi, na bado naona kilikuwa kizuri. Kwa nini umwamshe kila mtu? Mashine ikumbuke waliowahi kuijibu. Mara ya kwanza iulize wote, mara ya pili iwaulize kumi waliojibu vizuri zaidi, na kila anayejibu apande, na kila asiyejibu ashuke mpaka aondoke kwenye orodha. Chumvi unamwendea aliyewahi kukupa chumvi. Ilikuwa ndiyo mada ya tasnifu yangu, na nilihitaji mtandao halisi wenye watu halisi wa kuijaribia. Mjomba Toader alinipa wake bila sharti lolote. Mwezi wa Februari tulizunguka pamoja mlango kwa mlango na programu mpya kwenye diski, yeye akibisha, mimi nikiweka.

Katika mzunguko ule nilimjua zaidi. Alikuwa mjane. Binti yake wa pekee alikuwa Italia, akilea wazee wa watu. Nyumbani kwake palikuwa safi kupita kiasi, na ukutani palikuwa na picha ya mkewe, Zamfira, aliyefariki miaka saba kabla.

"Picha ninazo kabati zima," aliniambia, tukiwa tunangoja diski imalize kusoma. "Sauti sina. Enzi zile nani alikuwa na kifaa cha kurekodi? Nakumbuka alichosema, sikumbuki alivyokisema. Mwaka jana bado nilikumbuka."

Nikaangalia diski.

Programu ilifanya kazi. Katika kila jumbe mia zilizokuwa zikizunguka mtandaoni, tisini na nne zilitoweka. Zamani maswali tisini na saba katika mia yalipata jibu. Sasa yalipata tisini na tano. Nilipoteza mawili katika mia na kuokoa mtandao mzima. Watu walimpongeza Mjomba Toader ngazini, naye akawaelekeza kwangu kwa kidole gumba. Nilitembea mtaani kichwa juu, na sitajifanya sikuona raha.

Bwana Axinte alikuja kunigongea mwishoni mwa Machi. Alikuwa fundi mitambo mstaafu wa redio, mwembamba, kofia mkononi hata akiwa ndani ya jengo lake mwenyewe. Yeye aliunganishwa mtandaoni kwa sababu yake. Programu, ya zamani na hata yangu mpya, ilikuwa na kidirisha kidogo pembeni mwa skrini kilichoonyesha maswali ya wengine yakipita kwenda mbele. Watu wengi walikifunga. Bwana Axinte alikipanua kikajaa skrini yote, akaketi mbele yake na kahawa yake kama wazee wengine wanavyoketi dirishani kuangalia nani anapita na mfuko wa nini. Asubuhi alitoa taarifa ngazini: "Ngazi B wanatafuta muziki wa harusi. Kuna anayeoa huko na hajatualika." Au, "Kuna mtu anatafuta jinsi ya kuacha sigara. Sisemi nani. Lakini Costel, hongera."

"Binti Smaranda, samahani," alisema mlangoni. "Nimekosea wapi?"

"Umekosea nini tena, Bwana Axinte?"

"Wiki ya tatu hii dirishani kwangu hapiti mtu."

Nilimkaribisha, nikamwonyesha kwenye skrini yangu. Mashine yake ilikuwa namba mia na kumi na mbili. Tangu ajiunge haikuwahi kutoa jibu hata moja.

"Mashine za wenzako zimejifunza," nikamweleza. "Hazipotezi tena muda kwa asiye na kitu."

"Ninacho."

"Basi hakuna aliyekiuliza."

"Sawa, hakuna aliyekiuliza." Aliizungusha kofia. "Lakini sasa, siku akitokea wa kukiuliza?"

"Hiyo ni mara mbili katika mia."

"Mara mbili," akasema. "Si haba."

Akanishukuru kwa maelezo, akaondoka akishika ukuta. Sikumuuliza ni kitu gani anacho. Ningemuuliza angeniambia, kwa kuwa alikuwa akingoja kuulizwa na mtu yeyote, na mimi ndiye niliyekuwa nimeketi mbele yake.

Alichokuwa nacho nilikuja kukijua baadaye. Redio ilipotupa kanda zake za zamani, yeye alizibeba nyumbani kwa mkoba, siku baada ya siku. Hazikuwa za waimbaji wala wakubwa. Zilikuwa za watu waliosimamishwa viwandani na vijijini wakaulizwa wanataka kusikia wimbo gani Jumapili. Aliziingiza kwenye kompyuta moja moja, sauti elfu moja na mia moja, kila moja kwa jina la mtu, mahali na mwaka. Akaziacha wazi kwa yeyote atakayeandika jina la mtu wake.

Baada ya Pasaka Mjomba Toader alifanya kumbukumbu ya mkewe ya mwaka wa saba. Hiyo ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo kanisa halidai tena na majirani hawangoji. Padre alisoma jina, na Mjomba Toader akapita ngazi zote na sahani: ngano iliyochemshwa na asali na jozi, mkate, mshumaa. Sahani ya marehemu huambiwi asante. Unasema, Mungu amrehemu, unaipokea, na sahani yenyewe unabaki nayo. Na hairudishiwi kitu. Ukirudisha, umemnyang'anya marehemu kilichotolewa kwa ajili yake. Hata mimi, ambaye siku hizo sikuamini chochote kisichokuwa na grafu, nilikula ngano ile nikasema maneno yale.

Mlangoni kwa Bwana Axinte kulitokea haya. Mzee alipokea sahani, akasema Mungu amrehemu, kisha akauliza, "Zamfira Hriscu. Aliwahi kufanya kazi kiwanda cha nyuzi?"

"Miaka miwili, kabla hatujaoana vizuri," alisema Mjomba Toader. "Kwa nini?"

Bwana Axinte alikuwa na jina hilo kwenye kanda. Angeweza kusema njoo ndani usikilize. Lakini sahani ilikuwa bado mkononi mwake, ngano ikitoa mvuke, na kumpa mtu kitu cha thamani namna ile, papo hapo, kwa mkono uleule, ilikuwa ni kumlipa. Alikuwa mtu wa mambo hayo. Akasema, "Mimi siwezi kukupa kitu leo. Ila andika jina lake kwenye mtandao wako. Uliza tu. Utamsikia."

Mjomba Toader hakulala vizuri siku ile. Hilo aliniambia mwenyewe. Kesho yake, baada ya taarifa ya habari, aliketi akaandika jina la mkewe kwa vidole viwili. Mtandao ukamjibu: hakuna kilichopatikana. Akadhani amekosea herufi. Siku ya pili akaandika na jina la kijiji. Siku ya tatu na jina la kiwanda. Mashine yake ilikuwa na orodha yake ya kumi waliowahi kuijibu, watu wa filamu za vita na nyimbo za harusi, na kila jioni iliwauliza hao kumi kwa uaminifu, nao kumi wakasema hawana.

Upande wa pili, Bwana Axinte aliketi mbele ya kidirisha chake. Hakikupita kitu. Alidhani mjane yule ameghairi, kwamba kusikia ni kuzito kuliko alivyofikiri. Hilo aliliheshimu. Humlazimishi mtu kumsikiliza marehemu wake. Walipokutana ngazini walisalimiana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, na kila mmoja akiona kimya cha mwenzake kinazidi kuwa na maana.

Siku ya kumi na moja Mjomba Toader alinikuta darini, kwenye sanduku la swichi ambako nyaya zote zilikutana, nikichukua takwimu zangu za wiki.

"Binti, nikuulize. Huu utaratibu wako, ukiniambia hakuna, ni kwamba hakuna? Au ni kwamba haujaona?"

Nimeulizwa maswali mengi kuhusu kazi ile, na maprofesa na watu wenye vyeo. Hilo ndilo lilikuwa bora kuliko yote, na nililijibu kwa sekunde moja.

"Hakuna ni hakuna, Mjomba."

"Hata mbali kabisa huko?"

"Mtandao wote ni mashine mia na themanini na tatu. Kitu kikiwepo kinaonekana."

Aliitikia kwa kichwa. Akakaza skrubu moja ambayo haikuhitaji kukazwa. "Basi mtu kanichezea," akasema. "Na marehemu wangu."

"Nani?"

"Si kitu, endelea na kazi."

Kesho yake mashine namba mia na kumi na mbili ilitoweka kwenye ramani yangu. Alipanda paani na koleo akaukata waya wa Bwana Axinte, akauzungusha vizuri, akauweka kwenye ndoo yake ya nyaya. Hakumwambia mtu sababu. Bwana Axinte naye hakushuka kuuliza. Jibu alikuwa ameliona kwenye kipande cha waya kilichobaki kikining'inia dirishani, kimekatwa. Kwenye daftari langu niliandika kwamba mashine moja isiyo na mchango imejiondoa na wastani wa mtandao umeboreka kidogo.

Mwezi wa Mei niliandaa majedwali ya tasnifu. Nilipanga maswali yote yaliyokosa jibu, na palikuwa na mstari mmoja uliojitokeza: swali lilelile, mashine ileile, mara kumi na moja. Zamfira Hriscu. Nilijua ni nani. Ngano yake nilikuwa nimeila. Nikalitafuta jina hilo kwenye data yangu nzima, kwa udadisi tu. Likatokea mahali pawili. Pa kwanza ni jedwali la maswali yasiyo na jibu. Pa pili ni orodha ya mafaili ambayo kila mashine iliyatangaza siku ya kwanza: namba mia na kumi na mbili, Zamfira Hriscu, kiwanda cha nyuzi, 1979. Kati ya jibu na swali palikuwa na sakafu tatu za zege.

Niliketi nikiangalia mistari ile miwili. Nilielewa yote kwa mpigo: kofia ikizungushwa, skrubu iliyokazwa bure, waya kwenye ndoo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na baada ya aibu ikaja hofu, na hofu ilikuwa na nguvu zaidi. Kulirekebisha jambo hilo kwa uaminifu kulitaka nikiri kwamba njia yangu huwapofusha watu, nipime upya miezi mitatu, nikose muhula. Si hilo tu. Ningekosa kuwa yule binti aliyeuokoa mtandao.

Nikaufuta mstari. Chini ya jedwali niliandika kwamba marudio ya mtumiaji mmoja yameondolewa ili yasipotoshe wastani. Hakuna mtahini aliyeuliza. Nilijiambia nitamweleza Mjomba Toader nikishamaliza, na ikapita siku ya kwanza, na ya pili, mpaka zikawa kumi na sita. Kila siku kati ya hizo nilipanda ngazi zilezile.

Nilitetea tasnifu siku ya Alhamisi. Kumi juu ya kumi. Ijumaa asubuhi nilibisha kwa Mjomba Toader na karatasi yenye mistari miwili.

Alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama. Akasoma tena.

"Ulisema hakuna," akasema.

"Nilisema."

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. "Siku kumi na saba na leo," nikasema.

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati. "Na huko chuoni umepata ngapi?"

"Kumi."

"Kumi ni alama nzuri," akasema, akaenda kuchukua ndoo ya nyaya.

Nilimwambia ni rahisi zaidi kwenda kumgongea mzee. Aliniangalia kama ninavyowaangalia leo vijana wa kazini kwangu. "Mtu umemkatia waya, halafu unamwendea mlangoni na mikono mitupu? Akuone vipi?" Akapanda paani. Ndipo tulipofika pale nilipoanzia, waya ukining'inia mbele ya dirisha, na mimi chini nimeinua kichwa.

Dirisha lilifunguka nusu. Mkono wa Bwana Axinte ulitoka, ukangoja waya uyumbe urudi, ukaushika. Dirisha likafungwa juu yake. Dakika chache baadaye, kwenye skrini yangu, namba mia na kumi na mbili ikawaka.

Ndani ya programu nilikuwa nimeacha swichi ya kurudisha utaratibu wa zamani kwenye mashine zote. Niliitumia mwezi wa Februari kulinganisha, kisha nikaisahau. Siku ile niliigeuza, kisha nikaenda kwa Mjomba Toader. Akaketi, akaandika jina kwa vidole viwili, na swali likatoka kwa njia ile ya kijinga, likimgongea kila mtu, na kila mtu akimgongea mwenzake. Mtandao mzima ukakwama. Filamu za watu zikasimama katikati. Ngazini tukasikia mlango unafunguliwa na sauti ya mwanamke: "Toader, umetuua tena huko?"

"Vumilieni," alijibu bila kugeuka. "Nauliza kitu."

Na mahali fulani juu yetu swali lilipita dirishani kwa Bwana Axinte, la kwanza tangu Machi. Skrini ikaonyesha: limepatikana moja. Urefu wake sekunde arobaini na tatu.

Kabla faili halijamaliza kufika, mzee alikuwa ameshashuka. Alisimama mlangoni na ndara, kofia mkononi, hakuvuka kizingiti. Hakuna aliyesema karibu wala samahani. Mjomba Toader alimpa mgongo, akabonyeza.

Kwanza ilisikika kelele ya mashine za kusokota. Kisha mwanamume akauliza kitu kwa sauti ya redio. Kisha mwanamke, karibu sana, akicheka kidogo kwa kuona haya. Alisema anaomba wimbo wowote wa kuchezeka, kwa ajili ya wanawe watatu walioko kwa bibi yao kijijini, wasome, wasimchoshe bibi, mama atakuja Jumamosi na machungwa akiyapata. Akacheka tena. Mashine zikafunika sauti, ikaisha.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikiuona uso wa Mjomba Toader. Hakuna kilichobadilika usoni mwake isipokuwa macho, na hayo yalibadilika mapema, kwenye neno la kwanza, kabla ya wana watatu. Yeye na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, na ilipoisha alikaa bado anasikiliza. Kisha akasimama, akamgeukia mzee mlangoni.

"Mungu amrehemu," akasema.

Bwana Axinte aliinamisha kichwa kama inavyopasa. "Nilikuwepo siku hiyo," akasema. "Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Alikuwa mtu mzuri." Akaivaa kofia, akapanda kwake, na tulimsikia akipanda haraka kuliko kawaida yake.

Mlango ulipofungwa nikasema, "Mjomba, yule si..."

"Najua."

"Jina tu ndilo..."

"Binti, najua. Nimelala naye miaka kumi na sita." Aliketi tena. Alilia kidogo, bila kujificha, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la paa. Nilitaka kuomba radhi, na nikaona radhi yangu haina pa kukaa. Kwa hesabu zangu mtandao ulikuwa umesema kweli siku zote kumi na moja: sauti ya Zamfira wake haikuwemo. Sijawahi kuwa sahihi kwa namna iliyonifedhehesha vile.

"Mzee usimwambie," akasema baadaye.

"Sitamwambia."

Nikanyoosha mkono kulifuta faili lile, nikidhani namsaidia. Aliushika mkono wangu.

"Liache hapo, tena liache wazi," akasema. "Huyu naye ana watu wake. Wanawe watatu wako mahali. Siku wakiuliza, walikute sehemu mbili."

Wiki ile niliandika upya ile programu. Kila swali la ishirini halikwenda kwa wale kumi wazuri. Lilikwenda kwa yeyote, bila kujali ameshawahi kujibu au la. Takwimu zangu zikashuka kidogo. Bwana Axinte akaanza tena kutoa taarifa ngazini, chache kuliko zamani, akilalamika kwamba habari siku hizi ni haba. Yeye na Mjomba Toader walianza kunywa kahawa pamoja Jumapili, na kila mwaka, tarehe ya kumbukumbu, Mjomba Toader alimwomba waisikilize ile sekunde arobaini na tatu. Mzee alifariki akiamini amempa rafiki yake kitu kikubwa kuliko vyote. Siwezi kusema hakumpa.

Makampuni yalikuja na nyaya zao, mtandao wa mtaa ukafa, safari hii kwa kweli, na Mjomba Toader akaenda Italia kwa binti yake. Kabla hajaondoka aliniletea diski kuu ya Bwana Axinte ikiwa imefungwa kwenye taulo. Mimi bado naishi kwa kazi ya kutafuta. Popote nilipofanya kazi nimeacha ile moja ya ishirini, na popote kuna kijana hodari anayekuja kunionyesha kwa grafu kwamba ni upotevu. Namwambia amepima sawasawa, na kwamba itabaki.

Sauti elfu moja na mia moja ziko wazi mtandaoni kwenye mashine yangu ya nyumbani, ambayo haijazimwa kwa miaka kumi na minne. Zamfira Hriscu, kiwanda cha nyuzi, 1979, yumo humo kwa jina lake. Wanawe watakuwa wamenizidi umri sasa. Jioni, nikirudi kazini, naangalia kidirisha kabla ya kuvua viatu. Bado hawajauliza.